Injini isiyo na maji: bati linaloongoza upepo, toka gari la mashindano mpaka motopompe ya Bisie

Wasomaji wetu wa Walikale, Masisi na kwingine huku mashariki, leo tunaongea juu ya kitu kidogo ambacho wengi wanakitupa: lile bati linalofunika injini ya jenereta au ya motopompe. Fundi analifungua ili afikie buji, vis moja inapotea, kesho yake mbili, na mwisho bati linabaki kwenye kona ya nyumba. Injini inaendelea kuwaka, basi mtu anasema halikuwa na kazi. Baada ya majuma machache injini inakaza, na hakuna anayekumbuka bati.

Kule Bisie, na kwenye njia yote ya Njingala, Mubi na Walikale-centre, karibu kila kazi ya mikono inategemea injini ndogo zinazopozwa na upepo. Kuko pikipiki za TVS na Boxer zinazobeba watu na mizigo. Kuko motopompe zinazotoa maji shimoni. Kuko majenereta madogo, yale tunayoita grupu, yanayochaji simu na kuwasha taa. Zote haziko na radieta wala maji ya kupoza. Njo maana leo tunaeleza upepo unafanya nini ndani ya injini, watengenezaji wa magari ya mashindano walijifunza nini juu yake, na sisi tunaweza kufanya nini kwa nyundo, mkasi wa bati na akili. Mwishoni tutaongea juu ya hatari moja ambayo hakuna bati linaloweza kuizuia. Tafadhali usiache kusoma kabla ya kufika pale.

Moto unatoka wapi?

Ukitia esansi ndani ya injini ndogo, sehemu ndogo tu ya nguvu yake njo inazungusha gurudumu. Ni kama robo, au karibu theluthi injini ikiwa nzuri sana. Nyingine inatoka na moshi kwenye bomba. Inayobaki inabaki ndani ya chuma: kwenye silinda, kwenye kulasi, kwenye pistoni na kwenye mafuta ya injini. Ule moto lazima utoke nje, la sivyo chuma kinaendelea kupanda joto.

Gari kubwa linautoa moto kwa maji. Maji ni mbebaji mwenye nguvu: lita moja ya maji inabeba joto mara 3.500 hivi kuliko lita moja ya hewa, kama zote zimepanda joto sawasawa. Kwa hiyo injini isiyo na maji inahitaji hewa nyingi sana, na inahitaji ile hewa iguse chuma mahali pengi. Njo kazi ya yale mabati membamba unayoyaona yamepangwa kuzunguka silinda kama kurasa za kitabu. Wengine wanayaita mapezi, kama ya samaki. Kila pezi linaongeza mahali ambapo upepo unaweza kugusa chuma na kuondoka na moto.

Injini ikipasha kupita kipimo, mambo mawili yanatokea. Kwanza, mafuta ya injini yanakuwa mepesi kama maji na hayashiki tena kati ya pistoni na silinda. Pili, pistoni inavimba. Pistoni ni ya aluminiamu, na silinda ya injini nyingi ni ya chuma. Aluminiamu inavimba karibu mara mbili kuliko chuma kwa joto lile lile. Ile nafasi ndogo iliyokuwa kati yao inaisha, na pistoni inashika ukuta. Mafundi wetu wanasema injini «imesere». Hapo unanunua pistoni, segmenti, pengine silinda nzima. Barabara ikifungwa, vile vitu havipatikani, na familia inakaa bila mapato.

Hewa ni mvivu

Sasa tuingie kwenye siri ya bati. Hewa ni kama maji ya mto: inapita penye wepesi. Ukiipulizia silinda yenye mapezi yaliyokaribiana, hewa nyingi haitaingia kati ya mapezi. Itazunguka pembeni na kwenda zake. Upande wa mbele wa silinda utapoa, upande wa nyuma utabaki na moto. Silinda yenye moto upande mmoja haibaki duara. Inapinda kidogo na kuwa kama yai. Pistoni duara ndani ya silinda ya yai haina raha.

Bati linakuja kuilazimisha hewa. Linaifungia kwenye chumba kidogo, feni inaijaza chumba ile, presha inapanda, na hewa inabaki na njia moja tu ya kutokea: katikati ya mapezi. Bati nzuri linakumbatia silinda mpaka nyuma, ili upepo uzunguke chuma chote kabla ya kuachiliwa. Kwa hiyo bati siyo kifuniko cha vumbi na siyo pambo. Ni nusu ya mashine ya kupoza, na nusu nyingine ni feni. Feni bila bati ni kama kupulizia moto wa mkaa kutoka ngambo ya barabara.

Angalia jenereta yako ndogo. Pale unapovuta kamba ya kuwasha, kuko bati au plastiki ya duara. Ndani yake mna gurudumu zito lenye mabawa. Lile gurudumu njo feni. Linavuta hewa kupitia matundu ya mbele na kuisukuma juu ya silinda. Ukitoa lile bati na kuwasha injini kwa kamba iliyozungushwa kwa mkono, kama wengi wanavyofanya kamba ikikatika, feni inaendelea kuzunguka lakini inatupa upepo kila upande. Injini inakosa pumzi huku ikipiga kelele ile ile.

Kobe la Wolfsburg na silinda ya 3

Kazi hii ya kutengeneza bati nzuri zaidi iko na historia ndefu, na sehemu moja ya historia ile ilipita hapa kwetu Afrika ya mashariki.

Gari maarufu kuliko yote la kupozwa na upepo ni Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Ilichorwa na Ferdinand Porsche miaka ya 1930, na ya mwisho ilitengenezwa Mexico mwaka 2003. Zilitoka zaidi ya milioni 21. Injini yake ya silinda nne ilikuwa nyuma, na juu yake kulikuwa nyumba kubwa ya bati yenye feni ndani.

Mwaka 1953 mashindano ya magari ya Safari yalianza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za tope na vumbi kama zetu. Volkswagen ilikuwa kati ya washindi mwaka ule wa kwanza, ikashinda tena 1954, 1957 na 1962. Haikuwa gari la mbio nyingi. Lakini haikuwa na maji ya kuchemka njiani wala radieta ya kutobolewa na jiwe, na ile ilisaidia sana.

Hata hivyo, bati lake lilikuwa na kasoro. Ndani ya nyumba ya bati, wahandisi waliweka kipozeo cha mafuta ya injini, kimesimama juu ya silinda mbili za upande mmoja. Hewa iliyokwenda upande ule ilipita kwanza kwenye kipozeo, ikapata moto na kupoteza mwendo, njo ikafika kwenye silinda. Silinda ya 3, iliyo chini ya kipozeo, ikawa inapasha kuliko wenzake. Mafundi wa zamani walijua: Volkswagen ikifa, anza kuangalia namba 3. Kwenye injini nyingi kiwanda kilichelewesha kidogo moto wa buji ya silinda ile ili kuihurumia.

Dawa kamili ilikuja na magari ya mwaka 1971. Wahandisi walikitoa kipozeo cha mafuta kwenye njia ya silinda, wakakipa kijumba chake cha bati nyuma ya nyumba kubwa. Feni pia waliipanua ili itoe hewa ya kutosha kwa wote wawili. Hewa iliyopoza mafuta ilitolewa nje kwa njia yake, haikupita tena kwenye silinda. Hawakubadilisha pistoni wala kulasi kwa ajili ya shida hii. Walibadilisha njia ya upepo.

Somo la kwanza tuliandike hapa: silinda moja isipumue hewa iliyokwisha kutumiwa na kitu kingine.

Porsche: feni moja kwa silinda sita, halafu kumi na mbili

Kampuni ya Porsche ilianza na injini za jamii ya Volkswagen kwenye gari lake la kwanza, Porsche 356, mwaka 1948. Mwaka 1963 ilionyesha Frankfurt gari jipya la mbio, Porsche 911, lenye silinda sita, tatu kila upande. Hapa feni iliwekwa imesimama nyuma ya injini, na mbele yake kifuniko kipana kilichogawa hewa juu ya silinda zote. Shida ya wahandisi ilikuwa ile ya mama mwenye watoto sita na sufuria moja: mtoto aliye karibu na sufuria anashiba, wa mwisho analala njaa. Feni ikiwa upande mmoja, silinda za karibu zinapata upepo kwa namna tofauti na zile za mbali.

Walipotengeneza Porsche 917 ya mashindano, yenye silinda 12, walichukua njia nyingine. Feni kubwa waliilaza juu ya injini, katikati, ikitazama chini, ili kila silinda ipate sehemu yake sawasawa. Gari lile lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1970 na 1971. Lakini upepo siyo wa bure: feni ile peke yake ilikula nguvu ya farasi zaidi ya 10. Kwa hiyo bati lenye mianya siyo shida ya joto tu. Ni esansi inayochomwa ili kupuliza hewa isiyopoza kitu.

Porsche nazo zilijaribiwa Safari. Mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili na 911. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo, dereva wa Kenya, naye alimaliza wa pili na 911. Magari yale ya upepo yanapendwa mpaka leo katika mashindano ya magari ya zamani, na mwaka 2011 Waldegård alishinda Safari ya magari ya zamani akiwa na 911. Kiwanda chenyewe kiliacha injini za upepo kwenye 911 mwaka 1998, kwa sababu sheria za moshi na kelele zilikuwa kali, na maji yanashika joto kwa utulivu zaidi. Lakini wenye magari ya zamani wanaendelea kutengeneza vifuniko vipya vya kuongoza hewa, kwa sababu wameongeza nguvu ya injini zao, na bati la zamani halitoshi tena.

Namna wanavyotengeneza bati lililo bora

Watu wale hawaanzi kwa kukata bati. Wanaanza kwa kupima. Chini ya kila buji wanaweka kipimo cha joto. Wakiona silinda moja iko na moto kuliko wenzake, wanajua upepo haufiki pale. Halafu wanatafuta sababu, moja baada ya nyingine:

Kwanza, mianya. Kila tundu lisilo na kazi linaachia presha. Kwenye Volkswagen, hata waya wa buji uko na sahani ndogo ya mpira inayoziba tundu la bati pale unapopita. Watu wanaitupa, hawajui kazi yake.

Pili, bati la chini na la nyuma. Silinda inahitaji kibati kinachoukunja upepo mpaka upande wa pili. Kikikosekana, upepo unapita wima na kuacha mgongo wa silinda na moto.

Tatu, mkunjo wa ndani. Feni inatoa hewa ikiwa inazunguka. Ikigonga ukuta wenye kona kali, inavurugika na kupoteza nguvu. Kona ya duara na vibati vidogo vya kuigawa vinaipeleka inapotakiwa.

Nne, hewa ya moto isirudi. Hewa iliyokwisha kupita kwenye mapezi lazima itoke na kwenda mbali. Ikirudi kwenye mdomo wa feni, injini inapumua pumzi yake yenyewe, na kila dakika joto linapanda.

Wanabadilisha kitu kimoja tu, wanapima tena, wanaandika. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja, hautajua ni kipi kilichoponya na ni kipi kilichoharibu.

Kipimo kimoja fundi yeyote wa Walikale anaweza kukitengeneza. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, tia maji kidogo mpaka nusu. Ncha moja iingize ndani ya nyumba ya bati kupitia tundu dogo, nyingine iache wazi. Injini ikiwaka, maji yatashuka upande mmoja na kupanda upande mwingine. Ule urefu kati ya pande mbili njo presha ya upepo. Pima kabla ya kuziba mianya na baada ya kuziba, injini ikiwa kwenye mwendo ule ule. Lakini uwe mwangalifu: presha inaweza kupanda pia kwa sababu mapezi yamejaa uchafu na hewa haipiti. Kwa hiyo safisha mapezi kwanza, njo upime.

Na pikipiki je?

Mara nyingi mazungumzo kwa fundi yanakwenda hivi. Motari anafika na kusema: «Papa fundi, hii piki inapasha sana. Nikipanda mulima inapoteza nguvu, nikisimama inazima.» Fundi anaangalia silinda, haoni mapezi, anaona udongo tu. «Kadogo, piki yako haina ugonjwa. Inakosa pumzi.»

Pikipiki zetu nyingi haziko na feni wala bati. Upepo wao ni ule wa mwendo. Ukienda kilometa 50 kwa saa, silinda inapata upepo mzuri. Lakini kwenye tope, vitesi ya kwanza, abiria wawili na gunia, unakwenda kilometa 10 kwa saa. Upepo umebaki sehemu moja ya tano, na injini inafanya kazi kuliko siku zote. Tena ukipanda milima ya Masisi au ukifika Goma, ambako ni mita 1.500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Inabeba moto kidogo zaidi.

Kwa hiyo, ndugu motari, usifunge nailoni au kipande cha plastiki mbele ya injini ili kuzuia tope kwenye miguu. Umezuia tope, umezuia na upepo. Usitundike mizigo kwenye vyuma vya mbele. Kila jioni toa udongo kati ya mapezi kwa kijiti cha mti, injini ikiwa imepoa. Usimwagie maji baridi injini yenye moto mtoni: kulasi inaweza kupasuka. Angalia mafuta ya injini kila asubuhi. Piki ndogo inabeba karibu lita moja tu, na yale mafuta yanapoza pistoni kama vile upepo unavyopoza silinda.

Ikipasha sana njiani, simama kivulini na uzime. Kuiacha ikiwaka hapo hakusaidii, kwa sababu hakuna upepo. Jenereta na motopompe ni kinyume, kwa sababu ziko na feni: toa mzigo, ziache zizunguke polepole dakika mbili au tatu ili feni itoe moto, halafu uzime.

Kazi za nyumbani kwa mwenye grupu

Fungua nyumba ya bati mara moja kwa mwezi, na mapema zaidi kama unafanya kazi kwenye vumbi. Utakuta majani, nywele, vumbi lililoshikana na mafuta, pengine nyumba ya nyigu au kiota cha panya. Safisha yote. Rudisha vis zote. Kama vis imepotea, afadhali waya kuliko mwanya.

Kama bati limevunjika, fundi wa mabati anaweza kutengeneza lingine. Apime la zamani kwa karatasi ngumu kwanza, akate karatasi mpaka ikae vizuri, njo akate bati. Lisiguse gurudumu la feni, lakini lisiache nafasi kubwa. Tundu la kuingizia hewa asilipunguze. Lile bati dogo lililo upande wa silinda asilisahau.

Usifunike jenereta na turubai wakati inawaka, hata kama mvua inanyesha. Ijengee paa yenye pande wazi, na iache walau mita moja kutoka ukutani. Ile sanduku ya mbao ambayo wengine wanaijenga ili kupunguza kelele inafanya kile kile tulichokisema: hewa ya moto inarudi kwenye mdomo wa feni.

Tuseme pia ukweli: siyo kila joto linatoka kwenye bati. Kabureta inayotoa esansi kidogo mno, joini inayovuta hewa, moto wa buji unaokuja mapema, mafuta machafu, vyote vinapasha injini. Lakini bati na mapezi ni vya kwanza kuangaliwa, kwa sababu havitaki pesa.

Hatari ambayo bati haliwezi kuizuia

Sasa tumefika kwenye jambo zito. Bisie inajulikana ulimwenguni kote kwa kasiterite, mawe yanayotoa bati. Watu walianza kuchimba kule kwa mikono mwaka 2002, na tangu 2019 kampuni ya Alphamin inatoa kasiterite kule kwa mitambo. Mwezi wa tatu 2025 kazi ilisimama kwa sababu ya vita, ikaanza kurudi mwezi wa nne. Lakini katika milima na mito ya Walikale na Masisi, wachimbaji wa mikono wanaendelea kutafuta maisha mashimoni, na maji yanajaa mashimoni.

Kwa nini watu wanashusha motopompe shimoni? Siyo wajinga. Motopompe iliyokaa juu haiwezi kuvuta maji kutoka chini kupita mita 7 hivi. Kinachopandisha maji kwenye mpira ni uzito wa hewa inayosukuma maji kutoka nje, na hewa haina nguvu ya kupita pale. Hata mashine kamilifu haiwezi kupita mita 10. Lakini motopompe ile ile inaweza kusukuma maji juu mita 25 au 30. Kwa hiyo mchimbaji anafikiri: nikiishusha karibu na maji, itasukuma. Hesabu yake ni ya kweli. Lakini ameshusha kifo pamoja nayo.

Moshi wa injini ya esansi uko na gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na damu haibebi tena pumzi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unamkamata. Anafikiri ni uchovu. Dakika chache tu ndani ya shimo zinaweza kutosha kumuua. Bati nzuri, feni nzuri, injini mpya, havibadilishi kitu: vinapoza chuma, havisafishi moshi.

Hata gari la Volkswagen lilifundisha jambo hili. Hewa iliyopitishwa kwenye bomba la moshi ilitumiwa kupasha joto ndani ya gari wakati wa baridi. Bomba likitoboka, moshi uliingia kwa abiria pamoja na ile hewa ya joto.

Basi sheria ni hizi. Injini ya esansi au ya mazutu isishuke shimoni, hata kidogo, hata dakika tano. Ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Kama maji yako chini ya mita 7, tumia pompe ya umeme inayozama majini: jenereta inabaki juu, waya peke yake njo unashuka, uwe mzima, usio na viungo vya kufungwa kwa mkono, na uwe na kikata-umeme. Wenzako wakichangia bei yake, ni nafuu kuliko matanga moja.

Na mwenzako akianguka ndani ya shimo lenye moshi, usishuke kumfuata. Kitambaa chenye maji puani hakizuii gesi hii. Mtu wa pili, na wa tatu, wanakufa kwa sababu ya upendo. Zima injini kwanza, pulizia hewa safi kutoka juu, ita watu, mvute kwa kamba kama iko naye. Akitoka, mlaze kwenye hewa safi na mpelekeni kituo cha afya hata kama ameamka na kusema hana shida.

Nyumbani ni vilevile: grupu isilale ndani ya nyumba wala chini ya dirisha wakati inawaka.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kulala, fanya mambo mawili. Angalia kama lile bati la jenereta yako liko mahali pake na vis zake zote. Na kama unajua shimo ambamo motopompe inashushwa, waambie wenye shimo tulichosema hapa. Ukiwa na swali juu ya piki au grupu, lipeleke redioni wakati wa kipindi cha asubuhi, tutalijibu pamoja na mafundi.